Kilio Alichokibandika Mbusa

Kompyuta ilikohoa.

Mchana kweupe, mvua imetoka kunyesha, Mbusa amekaa peke yake kwenye studio yake ya Kamalondo, mlango wa chuma umefungwa kwa ndani, na zile spika mbili za mezani zikatoa kikohozi cha mtoto. Kikavu mwanzo, mwishoni kina maji maji. Mbusa aligeuka nyuma kwanza, maana mtu akisikia kikohozi hutafuta koo. Hakukuwa na mtu. Akatazama skrini: filamu inakwenda bila sauti, kama ilivyokuwa ikienda tangu aifungue, na chini yake ule ujumbe wa Kifaransa aliokwisha kuukariri, kwamba kodeki ya sauti haipatikani.

Sasa hapo tuelewane, maana najua wengine mtasema mashine zina wazimu wake. Mbusa alikuwa fundi wa filamu za arusi na za kilio. Mtu akifa Lubumbashi haendi hivi hivi. Jeneza linapigwa filamu, wanaolia wanapigwa filamu, na ndugu walioko Kinsevere au ng'ambo ya mpaka wanaletewa nakala yao. Kazi hiyo aliifanya kwa kompyuta yenye mfumo huria, ule wa bure, baada ya virusi kuila Windows yake ya wizi mpaka akachoka. Mfumo mzuri, hauna makuu. Una aibu moja tu. Zipo fomati za picha na sauti ambazo ni mali ya makampuni, na mfumo wa bure hauji nazo. Inabidi mwenyewe uingie mtandaoni ukachukue kodeki, yaani kile kipande cha programu kinachojua kufungua sauti iliyokunjwa ndani ya faili. Bila kodeki unaona midomo inacheza na husikii neno.

Na kodeki Mbusa hakuwa nayo. Diski yake ilikufa ghafla, akaweka mfumo upya kutoka kwenye DVD ya zamani, akasema yaliyobaki nitachukua kesho. Kesho hiyo mtandao ukakatwa nchi nzima. Ulikuwa ule mwisho wa mwaka wa uchaguzi, watu wanangoja matokeo na kila mtu anamwogopa jirani yake. Matairi yanaungua kwenye njia panda, askari wanarudisha watu makwao, baa za Kamalondo kimya, fundi cherehani wa pembeni kabeba vyerehani vyake kavificha. Treni haziendi. Mama mkwe wa Mbusa, Victorine, mjane wa mtu wa reli, aliyetoka Kabalo kuja msibani, alikuwa amenaswa hapo huku mizigo yake imekwisha kufungwa. Nyumba na studio ni kitu kimoja, studio mbele, vyumba nyuma. Watu wanne ndani, na hakuna pa kwenda.

Bila mama mkwe ni watatu, na zamani walikuwa wanne. Filamu iliyokuwa ikienda kwenye skrini ilikuwa ya maziko ya Gradi, mtoto wake wa miaka sita, aliyechukuliwa na homa kabla mvua hazijaanza. Na kikohozi kile Mbusa alikijua. Alilala nacho sikioni siku zote za ugonjwa.

"Gradi?" aliita kwa sauti ya chini, kama mwizi.

Spika zikavuta pumzi.

"Papa," zikasema. "Ba mama banalilia nani?"

Mtu mwingine angetoka mbio. Mbusa alibaki palepale, furaha na hofu vimemkaba pamoja, kwa sababu ni yeye peke yake aliyejua swali lile, akina mama wanamlilia nani, limetoka wapi.

Gradi alikuwa pacha. Walizaliwa wawili, yeye na Abigaëlle, na mama yao Virginie ni wa kaskazini mwa Katanga, ambako mapacha, mapasa wanavyosema, si watoto kama wengine. Pasa hafi. Akifa husemi amekufa, unasema ameenda kutafuta chumvi, na hakuna anayelia. Siku ya maziko wanawake wa ukoo walisimama mbele ya kaburi wakaimba nyimbo za mapasa, na nyimbo hizo, mtanisamehe, ni matusi ya nguoni, tena huku wakicheka na kupiga makofi. Mbusa ni Mnande wa Butembo, mtu wa kanisa. Kwao baba akifiwa analia mpaka ashikwe mikono. Alipofungua kinywa alie, mama mkwe, ambaye kwa desturi hata kutazamana usoni hawatazamani, alimjia akamziba mdomo kwa kiganja.

"Papa Mapasa, meza," alimwambia. "Ukilia, atajua."

Akameza. Akaendelea kumeza mwezi baada ya mwezi, na kilio kikawa kinamla ndani. Halafu ndiyo yakaja haya ya kufungiwa nyumbani bila kazi. Akaifungua filamu aliyokuwa hajathubutu kuitazama, ikaja bila sauti, na hapo shetani akampitia. Maana mdomo unaocheka na mdomo unaolia, ukiuondolea sauti, ni mdomo mmoja. Wanawake wale waliokuwa wakitukana kaburini, pale kwenye skrini walikuwa wanalia. Wanamlilia mwanawe, hatimaye!

Ila kimya kilimuudhi. Basi akatafuta kwenye makabati yake filamu ya kilio cha watu wengine, cha mteja mmoja, ambayo fomati yake mfumo wa bure uliijua. Akakata sauti ya wanawake wakiomboleza, akaibandika chini ya picha za Gradi, akaisogeza huku na huku mpaka midomo na kilio vikaoana. Fundi ni fundi. Akafunga mlango, akapunguza spika, akatazama, na yeye mwenyewe akalia mpaka shati likalowa. Hakumwambia mtu. Akajisikia mwepesi kama aliyetoka hospitali.

Tangu siku ile ndipo ile filamu ya kwanza, isiyo na sauti, ikaanza kukohoa.

Na je, alikwenda kuungama? Wapi! Kila asubuhi alisema ana kazi ya kumalizia, akajifungia studio, akaongea na mwanawe. Gradi alisema maneno machache mwanzoni, kisha mengi. Alisema kule aliko kuna maji ya kufika magotini, na tope jeupe. Alisema mikono inamwasha. Na kila mara alirudi palepale: "Papa, banalilia nani? Ni miye?" Mbusa alisema tu, "Ongea, mwanangu, ongea tena." Chumba kikaanza kunuka tope la magadi, na kandokando ya spika pakaota ukoko mweupe. Aliugusa kwa kidole akauonja. Chumvi.

Nyuma huko, Abigaëlle alianza kupwelewa na sauti. Virginie alisema ni baridi ya mvua, akampa asali na tangawizi. Sauti ikazidi kupungua. Akamwita Perpétue, nesi wa parseli ya jirani, yaani ua wa pili, ambaye alipenya kwenye ukuta uliobomoka ili asipite barabarani, akammulika mtoto kooni kwa simu.

"Koo iko muzuri," Perpétue alisema. "Hakuna kidonda, hakuna kintu. Sielewi."

"Sasa tufanye namna gani?" Virginie aliuliza.

"Tungoje njia ifunguke, tumupeleke ku hospitali."

Mbusa alisikia hayo yote na akanyamaza. Niseme kweli, alishaanza kushuku. Lakini mtu aliyerudishiwa mtoto wake, hata nusu, hata sauti tu, mumwambie nini?

Mficha maradhi, kilio humfichua. Siku moja jua likiwa la kwanza baada ya mvua ya asubuhi, Abigaëlle alikuwa uani anaruka kamba. Alikuwa akihesabu miezi kwa Kifaransa, kwa kile kisauti kilichombakia, kama walivyofundishwa shuleni: janvier, février, mars. Mbusa alikuwa studio, dirisha wazi. Gradi, alipokuwa hai, miezi ilimshinda. Kila siku alikwama mwezi wa sita, mwalimu akamsimamisha pembeni. Abigaëlle akaruka, mai, akaruka, juin, kisha sauti ikakatika. Mbusa aliona kwa dirisha midomo ya binti yake ikiendelea, kamba ikiendelea, miguu ikiendelea kuruka, na kutoka nyuma yake, kwenye spika, ikaja sauti nzima, yenye nguvu, ya mtoto mwenye furaha ya kuweza kitu kwa mara ya kwanza: juillet, août, septembre, mpaka décembre.

"Papa, nimemaliza yote!" spika zikasema.

Uani, Abigaëlle aliangusha kamba akajishika shingo.

Hapo Mbusa alielewa. Mashine haikuwa na kitu cha kufungulia sauti ya Gradi. Gradi alikuwa amekipata mwenyewe, kwenye koo la pacha wake.

Alirukia ukutani akang'oa waya wa umeme. Skrini haikuzimika. Akang'oa nyaya za spika, akabaki amezishika mkononi, na spika zikaendelea kupumua mezani kama mtu aliyelala kifudifudi. Akaifuta ile filamu ya kilio, akamwaga na takataka zote za mashine, na filamu ya kwanza ikaendelea kwenda, jeneza dogo, wanawake, midomo. Akampigia simu mchungaji wa kanisa lao la Hewa Bora. Mchungaji akasema barabara imefungwa, waombe hukohuko kwenye simu. Walipofika kwenye amina, amina ikasikika mara mbili upande wa Mbusa, na mchungaji akakata simu.

Alipoingia chumba cha nyuma, Abigaëlle alikuwa amelazwa kwenye mkeka, nywele zimelowa bila mvua kumgusa, na pembeni mwa midomo pana ukoko mweupe. Alipovuta pumzi kifua hakikupanda vizuri. Virginie alikuwa amempakata miguu. Mama mkwe Victorine alikuwa amesimama, kamtazama mtoto, halafu kauelekeza uso wake mlangoni, pembeni kidogo ya mkwewe, kama adabu inavyotaka.

"Nani alilia?" aliuliza.

Virginie aligeuka akamtazama mumewe.

"Nimeuliza, nani alimulilia Kyungu?" Kyungu ndilo jina la pacha wa kwanza kwao; yeye Gradi hakuwahi kumwita Gradi.

Mbusa akapiga magoti akasema yote, kilio cha watu wengine, kubandika, kulia kwake, na maongezi ya kila asubuhi. Virginie alisikiliza huku mkono umefunika mdomo.

"Mawe, mama wee!" Virginie alinong'ona. "Ulikuwa unaongea naye? Siku zote hizi mutoto anaisha apa, weye unaongea naye kule?"

"Nilitaka kumusikia tu, Virginie."

"Na miye? Miye sikutaka? Miye nilimubeba mu tumbo na sikulia! Nilicheka ku kaburi ya mutoto wangu, Mbusa, nilicheka, juu ya uyu, abakie!" Akamwelekezea Abigaëlle kidole. Alisema hivyo bila chozi hata moja, na hilo ndilo lililomuumiza Mbusa kuliko kofi.

"Kelele baadaye," Victorine alisema. "Weye ulimuambia amekufa. Sasa anatafuta wa kurudi naye. Alianza na sauti, atamalizia na pumzi. Simama, Papa Mapasa. Ile wimbo uliikataa, leo utaiimba."

"Sijui maneno yake, mama."

"Matusi nani hajui?"

Wakambeba Abigaëlle mpaka studio wakamlaza mbele ya skrini. Tope lilikuwa linanuka hata macho yanawasha. Victorine akafunga kitenge kiunoni, na yule mama, mjane wa heshima, mtu wa misa ya kila asubuhi, ambaye tangu Mbusa amwoe binti yake hakuwahi kula mezani naye wala kumtazama usoni, aliinua kichwa akamkazia macho mkwewe, akapiga makofi, akaimba jambo juu ya uume wa Mbusa ambalo mimi sitaliandika. Mbusa akatamani ardhi ipasuke.

"Jibu!" Virginie alimpigia kelele.

Akajibu. Sauti ilitoka nyembamba kwanza, tusi dogo la watoto wa sokoni, na Victorine akalidaka akalirudisha kubwa mara mbili, na Virginie akaingia katikati akiwatukana wote wawili na mahali walipotokea, na Mbusa akaona aibu inamwondoka kama nguo iliyokatika, akamtukana mama mkwe wake, akamtukana mpaka mama yake mwenyewe aliyelala Butembo, wakipiga makofi, wakizunguka, wakicheka kicheko ambacho mwanzoni kilikuwa cha kujilazimisha na sasa hakizuiliki tena, na kwenye skrini wanawake wa kaburini nao walikuwa wakifungua vinywa, na neno likaangukia kwenye mdomo, na mdomo ukaangukia kwenye neno, kicheko kwa kicheko, kofi kwa kofi, mpaka usingeweza kusema wanaoimba ni hawa wa chumbani au wale waliosimama kandokando ya jeneza lile dogo, na mtoto sakafuni akaanza kutetemeka kuanzia vidole vya miguu.

"Papa?" spika zikasema.

Victorine akamsukuma Mbusa mbele.

"Papa, banacheka?"

"Ee, mwanangu," Mbusa alisema. Alikuwa bado anacheka, na hakuruhusiwa kuacha. "Banacheka. Hakuna muntu analia."

"Alors, basi, miye sikukufa?"

Nyie, ulizeni wazazi. Ulizeni kama kuna swali zaidi ya hilo.

"Hapana," Mbusa alisema, huku akicheka. "Ulienda kutafuta chumvi. Ni kambo yako, nyanya yako, njo alikutuma."

Maji yakasikika, kama mtu anageuka polepole kwenye tope.

"Chumvi iko mingi, Papa. Inanilemea. Abi akuye anisaidie kubeba."

"Abi hapana. Abi iko mudogo."

"Na miye niko mudogo."

Kifua cha Abigaëlle kilishuka, na hakikupanda. Virginie alimrukia akamtikisa. Mbusa aliona midomo ya binti yake inageuka rangi, akasikia spika zinavuta ile pumzi kwa raha, ndefu, na kabla hajafikiri neno lilikuwa limekwisha kutoka.

"Nitakuya miye! Mwacha dada yako. Miye mwenyewe nitakuya kukusaidia."

"Mbusa!" Victorine alimshika mdomo kwa kile kiganja chake, lakini safari hii alichelewa. "Usimulayi pasa kintu, usimupe ahadi! Pasa hasahau!"

"Siku gani, Papa?" spika zikauliza.

Mbusa alikitoa kiganja cha mama mkwe mdomoni mwake, taratibu, kwa heshima. "Siku Abi atakomala," alisema. "Akiisha kukomala, akiwa mama mukubwa, nitakuya."

"Sawa."

"Utajua namna gani?"

"Nitajua," Gradi alisema, na sauti yake ilikuwa imetulia, ya mtoto aliyeahidiwa kitu na baba yake. "Miye na Abi tunakomala pamoja."

Skrini ikazimika. Waya wa umeme ulikuwa umelala sakafuni pale Mbusa alipoutupa. Abigaëlle alivuta hewa, akakohoa maji ya chumvi kwenye nguo ya mama yake, akakaa, akawatazama watu wazima watatu waliolowa jasho.

"Kambo!" alisema, kwa sauti kubwa, ya kwake mwenyewe. "Mulikuwa munatukana! Nimesikia yote!"

Virginie alimkumbatia akacheka, akacheka mpaka akakaa chini.

Mtandao ulirudishwa, simu zote za Kamalondo zikalia kwa pamoja, matokeo yakatoka, walioshangilia wakashangilia na walionuna wakanuna. Treni ikaita. Victorine aliondoka na mizigo yake, na siku ya kuaga alikuwa ameshaurudia ule utaratibu wake wa kutazama pembeni. Alimwambia Virginie tu, si Mbusa, kwamba ahadi ni ahadi na kwamba yeye hana dawa yake. Mbusa alichukua kodeki zake, akaanza tena kazi za watu, arusi kwa wingi, vilio alivikataa. Nyumba ikawa na kelele. Abigaëlle alikuwa anaongea tangu anaamka, kama anayelipiza.

Mwaka wa shule ulipokaribia, Virginie aliitoa sare ya mwaka uliopita amjaribishe mtoto. Haikushuka. Mikono ilibaki nje, kiuno kikagoma, na Abigaëlle akatoka mbio mpaka studio kumwonyesha baba yake.

"Papa, ona! Haiingie tena! Mama anasema nakomala mbio, atanunua ya ba mukubwa!"

Akasimama mbele yake, akajinyoosha juu ya vidole ili aonekane mrefu zaidi, akingoja asifiwe. Mbusa alimtazama kuanzia miguuni mpaka kichwani. Kisha akamwambia kwamba amependeza, kwamba aendelee kula bukari, yaani ugali, vizuri, na akacheka, maana kulia humo ndani hakuruhusiwi. Alicheka mpaka Abigaëlle naye akacheka, bila kujua kwa nini, na kurudi kwa mama yake kuuliza sare mpya itakuja lini.